Jinsi ya Kumpika Makame

Sisi Wapemba tuna kila sababu ya kukufundisha kazi hii, kwa kuwa tumekwisha kufanyiwa. Angalia vichekesho vya bara vya mwaka wowote uupendao: Mpemba yumo dukani, kofia kichwani, mbahili wa kupindukia, na kila baada ya maneno matatu anatia "yakhe". Kama hayumo dukani basi kaenda kwa mganga, au mganga ndiye yeye. Hana timu ya mpira, hana mdeni anayemkimbia, hana binti anayesoma chuo kikuu. Anayemwigiza aghalabu hajawahi kuvuka maji kuja Wete, sembuse kupanda chombo cha pili cha kumleta huku Fundo; lakini lafudhi anayo, na lafudhi ndiyo kazi yenyewe. Bara hucheka. Na sie hucheka, mwanzo kwa adabu, mwisho kwa mazoea.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuandika kichekesho cha televisheni chenye kijana mwenye usonji ndani yake, hukupotea njia ulipofika barazani kwetu. Kazi ni ileile. Mtu anapasuliwa kama changu: vya ndani vinatupwa, kinabakia kinachompendeza mnunuzi. Kijana wetu tumwite Makame. Umri miaka 22, mkaazi wa Fundo, kisiwa chembamba cha mawe kilicholala magharibi ya Wete. Mama yake analima mwani, ami yake ana boti. Fuata maelekezo haya na utaombwa msimu wa pili kabla wa kwanza haujaisha.

Usiseme ana nini

Hili ndilo kubwa, na wakubwa wa kazi wamelithibitisha. Kichekesho cha Marekani kiitwacho The Big Bang Theory kilianza 2007 na kikaisha 2019, misimu 12, vipindi 279. Nyota wake, Sheldon Cooper, ana nafasi yake kwenye kochi na ole wake atakayeikalia. Akibisha mlango wa jirani, hubisha mara tatu na kuita jina mara tatu, hata mlango ukishafunguliwa. Kila siku ya wiki ina chakula chake. Ukimtania, anachukua maneno kama yalivyotamkwa. Watazamaji wenye usonji duniani kote walimtambua siku ya kwanza, kama sie tunavyotambuana: Wapemba hujuana kwa vilemba. Watengenezaji walipoulizwa, walisema hawakumwandika hivyo. Na ndani ya hadithi mwenyewe hurudia kwamba yeye si mwendawazimu, mama yake alikwisha kumpeleka akapimwa.

Tazama uzuri wa mpango huu. Watu wakicheka, umefanikiwa. Mzazi akilalamika kwamba unamcheka mwanawe, unamjibu kwa upole: nani kasema huyu ana usonji? Jim Parsons aliyemwigiza Sheldon alipata tuzo nne za Emmy, na 2017 wakamtengenezea Sheldon hadithi nyingine ya utoto wake, nayo ikaenda mpaka 2024. Hakuna aliyeulizwa swali la pili.

Huku kwetu mpango huu ni mwepesi zaidi. Huhitaji hata kukanusha, maana hakuna anayeuliza. Makame aingie fremu akitembea kwa vidole, aseme neno moja mara nne, na jirani aseme "huyu hazimtoshi". Basi. Mtazamaji amepata alichokifuata. Jirani aseme zezeta, aseme punguani, aseme taahira, asimalize kamusi yote katika kipindi cha kwanza. Neno "usonji" liweke akiba mpaka tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga kwa jambo hilo. Siku hiyo kituo chako kitamwita daktari mwenye tai, kitatia muziki wa huzuni, na mtangazaji atatuomba sote tuache kunyanyapaa. Tarehe 3 unarudi hewani saa mbili na nusu usiku kama kawaida.

Kipaji

Makame hawezi kuwa hivi hivi tu. Lazima awe na kitu cha kumlipia nauli. Mtazamaji humsamehe mtu kwa kuwa tofauti ikiwa tofauti yenyewe ina faida, na sheria hii iliandikwa 1988 kwenye sinema ya Rain Man. Dustin Hoffman ni Raymond Babbitt. Vijiti vya meno vinaanguka chini na Raymond anatazama tu na kusema ni 246. Wanahakiki: boksi lilikuwa na 250, vinne vimebaki ndani. Baadaye nduguye anampeleka Las Vegas akahesabu karata na kumlipia madeni. Sinema ilichukua Oscar nne, moja ya Hoffman mwenyewe. Tokea hapo, dunia nzima ikimwona mtoto mwenye usonji humrushia vijiti vya meno.

Kuna kitu kidogo cha pembeni hapa. Mtu wa Utah aliyemtia mwandishi wazo la Raymond, Kim Peek, alizaliwa bila kile kiungo kinachounganisha pande mbili za ubongo, na wataalamu baadaye wakasema hali yake haikuwa usonji. Yaani ramani ambayo kila mwandishi anaifuata ilichorwa kwa nchi nyingine. Lakini wewe endelea nayo. Boti imeshang'oa nanga.

Ugumu unakuja ukitaka kumpa Makame kipaji kinachofanana na kwao. Usimpe kujua maji. Nimewahi kuona skripti ambamo kijana anatazama mwezi na kutaja saa ya bahari kupwa, na muziki wa maajabu unapigwa. Ukionesha hiyo Fundo, bibi atauliza ajabu iko wapi. Hapa mtoto wa miaka minane anajua bamvua ni lini na maji mafu ni lini, kwa sababu asipojua atakula wali mtupu. Usimpe kukumbuka vitabu pia. Vyuoni mwetu wamo watoto wa miaka 12 waliohifadhi juzuu zote 30, na wakishuka mimbarini hupewa zawadi na kupelekwa kuchota maji. Nasaba? Kaa na wazee baada ya alasiri utatajiwa babu wa babu yako na mashamba ya mikarafuu aliyoyagombania.

Kumbe kipaji sharti kiwe cha mjini: kompyuta, hesabu za chuo kikuu, udaktari, sheria. Wakorea walilielewa hilo. 2022 walitoa Extraordinary Attorney Woo, vipindi 16, na ukiangalia wapenzi wa tamthilia za Korea walivyojaa Pemba huna haja ya kuelezwa zaidi. Woo Young-woo ni wakili mwenye usonji, kaongoza darasani, kakariri sheria zote, hawezi kupita mlango unaozunguka, kila siku anakula kimbap kwa sababu kila kilichokunjwa ndani kinaonekana, na akili yake ikipata jawabu nyangumi anaruka hewani. Nampenda, sisemi uongo. Na nyangumi hupita mwambao wetu wakati wa kusi, kwa hiyo hata picha tungekuwa nazo bila kompyuta. Lakini fikiria mama wa Fundo aliyekaa mbele ya televisheni na mwanawe ambaye ana miaka tisa na bado hajaweza kusema "maji". Tamthilia imemfundisha kungojea. Anangojea sheria zikaririwe.

Dalili, na hatari ya kuzizidisha

Hapa ndipo waandishi wengi wa mjini wanapoharibu kazi wakija kwetu. Wanachukua orodha ya dalili kwenye simu na kumpachika Makame zote, halafu wanashangaa mbona Fundo haicheki.

Chukua hili la macho. Katika kila kichekesho cha Ulaya na Marekani, mwenye usonji hatazami watu machoni, na hapo kamera husogea karibu ili ulione hilo. Sasa mlete Makame mbele ya mjomba wake, ainamishe kichwa, aseme "shikamoo" au "naam" akitazama jamvi. Mjomba atasema mtoto huyu kalelewa. Mtoto wa kupelekwa hospitali ni yule anayemkodolea mjomba macho.

Wasichana ndio kabisa. Msichana anayekaa peke yake, haongei, hapendi kushikwa, hataki vishindo, nguo ni ileile kila siku, ataitwa mwenye haya na atachumbiwa mapema. Hakuna atakayemuuliza kichwani mwake mna nini, wala daktari hatampima. Ndiyo maana nakushauri mhusika wako awe mwanamume, kama wenzako wengi walivyofanya. Ukimweka msichana utalazimika kuonesha kitu ambacho hata nyumbani kwake hakijaonekana, na hiyo ni kazi nzito kwa dakika 25.

Chukua na hili la kupenda mahali pamoja na mambo yaleyale. Kochi la Sheldon lilichekesha Marekani nzima. Barazani kwetu yuko mzee ambaye nguzo ya pili ni yake. Hakuna hati, hakuna maandishi, lakini mgeni akiiegemea watu wote hukohoa. Anakuja baada ya magharibi, hamalizi salamu kabla hajaikagua nguzo. Chai yake ya rangi, sukari vijiko vinne, boflo nusu, upande wa chini. Kisa chake ni kimoja, cha kaskazi iliyowavunjia tanga karibu na mlango wa Njao, na ukikosea kukichangia anakirudisha mwanzo. Akipita mtu na injini mpya ya boti, mzee atasema nguvu zake za farasi, mwaka ilipoingia na aliyeitia maji ya chumvi mara ya kwanza. Mazungumzo mengine yote kwake ni kelele.

Hakuna aliyempima mzee huyu na hakuna atakayempima. Ana boti mbili na wajukuu 19. Kwa hiyo kanuni ya dalili ni hii: Makame awe kijana, asiwe na chombo, asiwe na mke, asiwe na pesa. Mambo hayohayo kwa mwenye boti huitwa msimamo. Ukimfanya Makame tajiri umeua kichekesho, umebaki na hadithi ya tajiri mwenye misimamo yake, na hizo tunazo bure.

Sisemi kwamba sote tuna usonji kidogo kidogo. Hilo husemwa na watu wasiopata kukaa usiku mzima na mtoto aliyenyimwa usingizi na mlio wa jenereta ya arusi nyumba ya tatu kutoka kwake. Lakini hilo nalo liache nje ya skripti. Mtoto anayelia kwa sababu kipaza sauti kimemchoma masikio hachekeshi, na huwezi kumpunguza sauti bila kugombana na watu wa arusi.

Mama na mganga

Kila kichekesho cha namna hii, ukikipekua, si cha kijana. Ni cha waliomzunguka: dada aliyechoka, baba aliyekimbia, mama aliyesahau kujichana. Atypical ya Netflix, iliyoanza 2017, ilimpa Sam, kijana wake mwenye usonji, mapenzi ya pengwini na ikawapa wazazi wake karibu machozi yote. Wewe pia fanya hivyo. Makame akipotea pwani, kamera ibaki kwa mama. Tusijue Makame alikuwa wapi wala alifuata nini huko, ingawa ukweli ni kwamba alifuata kitu.

Na kwa kuwa hapa ni Pemba, kipindi cha tatu ni cha mganga, hakuna namna. Watazamaji wa Dar es Salaam wamelipia king'amuzi, usiwanyime. Tia moshi, tia kuku mweusi, tia mganga anayesema na majini kwa Kiswahili cha bara. Usitie mambo yanavyokwenda hasa, kwa sababu yanachosha na yana nauli nyingi. Mama kwanza hupeleka mwanawe kwa maalim, anaandikiwa kombe kwa zafarani, anakunywa, hapana neno. Halafu hupanda boti kwenda Wete. Wete wanamwelekeza Chake. Chake wanamwambia wataalamu wako Unguja, na Unguja ni meli, ni mahali pa kulala, ni mwani uliobaki kwenye kamba bila mchumaji. Akirudi, wanawake wenzake kwenye mwani wana dawa kila mmoja, na kila dawa ilimponya mtoto wa mtu ambaye jina lake limesahaulika. Mama husikiliza zote akifunga kamba, anasema "ahsante bibi", na jioni hampi mtoto hata moja. Huyo mama akiandikwa kama alivyo angechekesha kuliko moshi wote wa mganga, lakini haonekani kwenye mipango ya mtayarishaji, ambaye tayari ameshanunua kuku.

Tena usiende kutafuta ushauri. Zanzibar ipo jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili, ZAPDD. Dar es Salaam kuna kitengo cha watoto wenye usonji katika shule ya Msimbazi Mseto kilichodumu miaka. Ukifika huko utakuta walimu wanaojua watoto kwa majina, na kila mtoto ana hadithi isiyofanana na ya mwenzake, na Makame wako atakufia mkononi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Ni kama wanane katika kila watu elfu, na kisiwa chetu hakikupewa msamaha. Ukiwahoji wanane utapata wahusika wanane, na bajeti ni ya mmoja.

Nani amwigize

Mtafute mchekeshaji anayejulikana. Mfundishe vitu vitatu: kutotazama macho, kutikisika, na kusema kwa sauti bapa. Jioni moja inatosha. Wapo waliojaribu njia nyingine, na nakutajia ili uone hasara yake.

Kwenye Community, kilichoanza 2009, kuna Abed Nadir, baba yake Mpalestina, Mwislamu, anayeielewa dunia kwa kupitia televisheni. Abed ndiye anayewaona wenzake, anajua kipindi kinaelekea wapi, mizaha anaitunga yeye. Mtengenezaji wake, Dan Harmon, alipokuwa akisoma kuhusu usonji ili amwandike Abed vizuri, alianza kujikuta yeye mwenyewe katika maelezo. Hilo likikutokea katikati ya msimu utafanyaje? Jilinde, usisome. Kisha angalia As We See It ya Amazon, Januari 2022: vijana watatu wenye usonji wanaishi nyumba moja, na wote watatu wameigizwa na watu wenye usonji. Wanagombana juu ya kazi, mapenzi na nani kaacha mlango wazi. Wachambuzi waliisifu. Ikapata vipindi vinane, ikafungwa. Asiyetajwa ana usonji alipata 279. Waliojitaja na kujiigiza wakapata 8. Mtayarishaji wako hesabu hiyo anaijua bila kumwaga vijiti vya meno.

Atypical nayo ililalamikiwa kwa kumweka mwigizaji asiye na usonji, ndipo msimu wa pili ikaongeza waigizaji wenye usonji pembeni. Hiyo ni njia ya kati: mwenyewe akae nyuma, anayemwigiza akae mbele. Nasi tumeiona, Mpemba wa kweli kwenye vichekesho vile vya bara ndiye aliyekuwa akishika taa.

Kuna watakaokwambia mchekeshaji mzuri hana haja ya maradhi ya mtu. Watakutajia King Majuto, Mungu amrehemu, aliyefariki Agosti 2018: mtu wa Tanga, ng'ambo yetu tu hapo, ambaye alikuwa akinyamaza na kugeuza shingo watu wanashika mbavu, na mjinga wa kisa siku zote alikuwa yeye mwenyewe aliyejiona mjanja. Waambie Majuto alikuwa mmoja, na wewe una vipindi 26 vya kujaza.

Jambo la boti

Sasa nakuhadharisha na kitu kimoja: usipande boti ya Fundo na kijana mwenye usonji ukiwa na daftari mkononi. Nitakwambia kwa nini.

Boti ya asubuhi ilikuwa imejaa: dumu za petroli, matenga, wanafunzi, bibi mmoja na kuku wawili kifuani. Kijana wa kama miaka 16 amekaa omoni, mbali kabisa na injini, kanga ya mama yake ameizungusha kichwani mpaka masikio hayaonekani. Anatikisika kidogo, si kwa mawimbi. Mwanamke mmoja mgeni, ametoka mjini kuzika, akamtazama sana, kisha akamgeukia mama kana kwamba kijana ni mzigo: "Mwanao mzima huyu?"

Mama hakuwahi kujibu. Kijana, bila kugeuka, akasema, "Mie mzima. Injini ndo haina afya."

Watu wakaguna, nahodha akacheka, akaongeza mwendo kumwonesha. Tulipofika katikati, Fundo nyuma na Wete mbele, injini ikakohoa mara mbili ikazima. Maji yaliingia kwenye petroli. Kimya, ila kuku. Nahodha akafungua kifuniko, akanyonya mpira, akatema, akatukana kwa adabu kwa sababu ya bibi. Yule mgeni, rangi imemtoka, safari hii akamgeukia kijana mwenyewe: "Mwanangu, itapona?"

"Iulize mwenyewe," akasema kijana.

Boti nzima ilicheka, mpaka mama, mpaka yule mgeni mwenyewe na uso wake wa msiba. Kijana akatabasamu akitazama maji. Alijua kabisa alichokifanya.

Haifai hata kidogo, kama unavyoona. Kwanza, kijana hakuwa na kipaji cha kumpeleka Las Vegas. Masikio yake yanaumia tu, na sikio linaloumia husikia mapema. Pili, hakuna aliyemfundisha mtazamaji wapi pa kumhurumia. Tatu, na hili ndilo baya, kicheko kilimwangukia mtu asiye na usonji. Mhusika wako wa namna hii akianza kuchekesha kwa makusudi, mchekeshaji uliyemlipa atafanya nini? Na jirani wa kusema "hazimtoshi" atasema nini tena?

Siku ya kupiga picha

Yaliyobaki ni ya kawaida. Msihi sheha mapema, usimpelekee barua siku ileile. Wanaopiga picha wavae heshima wanapopita mbele ya msikiti. Ukitaka Makame akimbie kijijini akipiga kelele huku watoto wakimfuata, lipa watoto. Usimtafute Makame wa kweli akimbizwe bure, ingawa watoto wanajua njia kwa mazoezi.

Usimpe mtu wa hapa skripti aisome kabla. Wapo waliokuja kupiga picha wakaandika kwamba mama wa kijana anakwenda kuchokoa pweza saa nne asubuhi, siku ya saba ya mwezi mwandamo, miamba iko wazi, jua linawaka. Mwandishi aliipenda sana picha hiyo. Siku ya saba ni maji mafu; mwamba haukai wazi ila kwa anayeota. Wakaja na kamera zao, mwavuli na chakula cha pakiti, wakaikuta bahari imejaa inawatazama. Wakauliza mbona hamkusema. Kisiwa kizima kilikuwa kinajua, toka bibi mpaka mtoto wa chuoni, lakini lililoulizwa lilikuwa moja tu, kama tunaweza kusogea nyuma kidogo ili tusionekane kwenye picha, nasi tulikuwa tumeshasogea.

Nahodha aliyewaleta alilala ndani ya boti. Hesabu yake ni kwa saa, chombo kiende kisiende, kwa hiyo hilo nalo liandike kwenye bajeti.